Mvua Haijui Kontempo

Ukitaka kuijua tabia ya nyumba ya Bagamoyo, usiitembelee kiangazi. Kiangazi kila ukuta ni mstaarabu: rangi inang'aa, dari limenyooka, na mwenye nyumba anakupitisha chumba kwa chumba akigonga ukuta kwa kidole usikie ulivyo mgumu. Njoo masika. Kuanzia Machi hadi Mei siri zote za mafundi hutoka hadharani, na anayezitoa si jirani, ni ndoo zilizopangwa sebuleni.

Nyumba yetu ilikuwa kontempo, yaani bati lilifichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, mpita njia adhani ni ghorofa lililoishiwa hela. Aliyeitaka ni kaka yangu mkubwa anayekaa Dar es Salaam. Kila usiku alituma picha za nyumba za watu, na kila mwisho wa mwezi alituma pesa. Mdogo mtu hana kura mbele ya kaka anayenunua saruji. Siku ya kukabidhi funguo fundi alijipiga kifua: "Bosi, humu hakuingii hata jasho." Kweli, jasho halikuingia.

Kule juu bati lilikuwa limelazwa kwa mteremko mdogo mno kuelekea kwenye gata la zege, na gata zima lilitegemea tundu moja la bomba. Kwenye tundu hilo kunguru alipata kiwanja. Hawa kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kuzoa taka, wakavuka bahari bila kumuaga mtu, na siku hizi hujengea hata waya. Fundi alipopanda kuzibua alishuka na kiota cha waya wa kufungia nondo, ule ule aliodai wakati wa ujenzi kwamba vibarua wameuiba. Alikigeuza mkononi, akavuta uzi mmoja, haukutoka. "Huyu anajua kufunga," akasema, kwa wivu kidogo.

Maji ya paa yana hila moja: hayavujii pale yalipoingilia. Yakishafurika kwenye gata hupenya chini ya bati, hutambaa juu ya kenchi, na kuteremka popote yapendapo. Kwetu yalichagua chumba cha wageni, usiku aliolala mama mkwe aliyetoka Ubena Zomozi kuja kutusalimu.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba baba. Nimeamka salama. Ila hii nyumba yenu, kisima mmekichimba juu?"

Mke wangu alikimbilia jikoni kucheka. Mimi nilibaki nimeinamisha kichwa, maana mbele ya mkwe mtu hacheki wala hajitetei.

Wakaitwa mafundi. Fundi wa kupaua akasema tatizo ni lipu. Fundi wa lipu akasema tatizo ni bomba. Fundi bomba akalitazama dari la jipsamu lililovimba, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo nadhani hufundishwa siku ya kwanza ya ufundi: "Kwani nani alikujengea hii?" Fundi rangi hakumlaumu mtu. Alishauri tupake rangi.

Wakati sote tumekodoa macho juu, ukuta ulikuwa unanyonya maji kutoka chini. Juu ya msingi, kabla ya kuanza tofali, hapakuwekwa ile nailoni nyeusi ya kukata unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini yakapanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yalipanda na chumvi, na mchanga nao ulikuja na ya kwake. Chumvi haina msimu: hata mvua ikikatika huvuta unyevu wa upepo wa bahari, na ikikauka huota chembechembe nyuma ya rangi na kuisukuma hadi ibanduke. Mtoto wa dada yangu alipitisha kidole ukutani, akalamba, akatoa taarifa: "Anko, chumvi kabisa." Wenzetu wa Nunge huvuna chumvi kwa mabwawa na jua. Sisi tulivuna nyuma ya kochi.

Fundi wa lipu akapiga lipu kali ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji hadi usawa wa kiuno. Muda si muda chumvi ikatokea kifuani.

Ndipo akaja mjomba wangu, aliyewahi kufanya kazi ya chokaa kwenye majumba ya Mji Mkongwe. Hakuuliza nani alijenga. "Maji mmeyafungia mlango wa chini, yamepanda ngazi," alisema. "Ukuta wa matumbawe ulipigwa chokaa, na chokaa huacha unyevu utoke. Nyinyi mmeuziba pua, halafu mnashangaa unatoa jasho. Nendeni kwenye magofu ya Kaole. Msikiti wa karne ya 13, kuta zinanyeshewa bila paa, na zipo. Ukuta wenu una paa, una rangi, una mafundi wanne, na unayeyuka."

Akaendelea kutuumbua. Wazee wa Unguja nao walijenga mapaa bapa, ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Yakavuja, wakachoka, na kuanzia karne ya 19 wakawa wanayafunika kwa bati la mteremko. Jibu tulilikuta limeshapatikana, sisi tukalirudia swali kwa mkopo.

Basi tukabandua lipu yote ya chini, tukachimba mtaro kuizunguka nyumba, tukauacha ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya kuupiga chokaa. Juu tukapaua upya: bati la mteremko mkali, kofia, na upenu mpana wa kurusha maji mbali na ukuta. Masika yakaja, ndoo zikabaki uani.

Kaka alipotumiwa picha alipiga simu papo hapo. "Umeifanya nyumba kama zahanati! Sasa paa si linaonekana na kila mtu?"

"Acha lionekane, kaka," nikamwambia. "Mvua ilikuwa haijui kama lipo."