Shikamoo, Mzee Hasi

Shikamoo, mzee Hasi. Usiitikie, maana ukiigusa salamu itageuka. Nimekuja kukusifu wewe, kamstari unayejilaza mbele ya namba, usiye na tumbo wala mkia, unayefutika kwa jasho la kidole cha mtahiniwa ukaondoka na maksi zake.

Husemwa kwamba kazi ya umeme ni hesabu nyepesi: chaji zidisha kwa tofauti ya volti. Haya. Betri ya gari ya volti 12, ampea-saa 50, ina kulombi 180,000 za kusukuma. Zidisha: juli 2,160,000, yaani uniti 0.6 ya mita ya nyumbani. (Ndiyo, betri inayokuvunja mgongo kuibeba haifikishi uniti moja.) Lakini namba hiyo, pamoja na masifuri yake yote, haijui kama betri inawasha taa au iko kwa fundi inachajiwa. Kwa hesabu ya daftari, juli ni zilezile. Mwenye habari ni wewe tu.

Nasaba yako nayo si haba. Karne ya 18 Benjamin Franklin aliugawa umeme kuwa chanya na hasi, bila njia ya kujua kipi hasa kinatembea. Mwaka 1897 J. J. Thomson akaitambua elektroni, na kumbe imekuvaa wewe! Tangu hapo mkondo tunauchora ukienda huku, na elektroni kwenye waya zinakwenda kule. Mwingine angeomba radhi. Wewe umetulia.

Tazama maajabu yako. Elektroni moja, chaji −1.6 × 10⁻¹⁹ kulombi, inatoka volti 0 kwenda volti 12. Mwanafunzi anaona volti zinapanda, anadhani chaji inapandishwa mlima. Wapi! Inajiendea yenyewe. Mwanzo kutoa mwisho ni −12. Zidisha kwa chaji, hasi mbili zinamezana, na uga wa umeme umefanya kazi ya juli 1.92 × 10⁻¹⁸, chanya tupu. Ukiuliza kazi ya anayeizuia isiongeze mwendo, namba haibadiliki hata tarakimu moja. Unarudi wewe tu, mbele, umejilaza. Na watunga mitihani, Mungu awaweke, mara nyingi husahau kutaja wanamuuliza nani kati ya hao wawili.

Wapo wanaokukwepa. Wanaizungushia namba vijiti viwili vya wima, wanakufungia nje, wanaandika ukubwa peke yake. Jibu linatoka safi. Sasa waulize: betri inajaa au inakwisha?