Mota Haijafa, Mzee

Waungwana wenye Volkswagen Beetle za mwaka 1970 tunawavulia kofia. Kila Jumapili gari linang'arishwa, linapigwa picha, linarudi chini ya turubai. Waipa? Hizo hukumbukwa masika yakishaingia, dereva katoa mkono dirishani anafuta kioo kwa leso.

Hapo fundi hutoa hukumu kabla hata ya kufungua boneti: "Mota imekufa, mzee, lete nyingine." (Boneti ya mbele, fundi. Ya nyuma ni ya injini.) Marehemu hajapimwa, tayari anachimbiwa kaburi. Fyuzi je, umeitazama? Washa swichi, upime waya unaoingia kwenye mota. Volti 12 zikifika na mota imenuna, kwangua kutu pale waya wa hasi unapokamata bodi. Bado? Chomoa vile vyuma vinavyovuta waipa. Mota ikizunguka peke yake, haina kosa: vilivyokwama ni vyuma, grisi imevikaukia kwa miaka ya kukaa kifahari. Isipozunguka, kagua kaboni, nazo huisha.

Grisi ni rahisi kuliko mota. Mkishapaka, jamani, liendesheni hata siku ya mvua.