Kopo la Mama Mkwe

Jumapili ile tulikuwa na wageni tisa wa kulisha. Unga wa bukari, ugali wetu, ulikuwa stoo, stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga ambalo mama mkwe hulitunza juu ya kabati. Kopo halikuwapo.

Tulitoka Lubumbashi Ijumaa kwenda Sakania kumsalimu. Mkwe wa Katanga anajua adabu zake: simtazami mama usoni, naye hanisemeshi moja kwa moja. Neno lake kwangu hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumesimama hatua tatu.

"Muulize papa wa batoto," alisema, "kama mutoto wake alichukua kopo yangu."

Alikuwa amelichukua. Kijana wetu wa miaka 13 ameshikwa na jiokachingi, mchezo wa kuficha kopo na kuwapa wenzako namba za setilaiti walitafute. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia. Dave Ulmer akaficha ndoo msituni, akatangaza ilipo. Kanuni ni chache: ukilipata, andika jina kwenye karatasi iliyomo, ukichukua kitu, acha kitu.

Kijana alitaka kuuzungusha mchezo Sakania nzima. Kopo moja stesheni, kwa kuwa reli ya kutoka kusini ilifika hapa 1909, mwaka mmoja kabla ya kuingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Jingine misheni, kwa ajili ya Wasalesiani. La tatu la mpaka. Jumamosi jioni aliuliza kwa nini mpaka wetu na Zambia umepindapinda hivi, nami nikaanza hotuba juu ya mkataba wa 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold. Nkambo wake, yaani mama mkwe, hakungoja nifike mwisho. Alimgeuza mtoto kwa bega, akamwonyesha paa la nyasi la jiko la nje. Mvua ikipiga pale juu, inaachana: ya upande huu inakwenda Luapula hadi mto Kongo, ya upande ule inaingia Kafue hadi Zambezi.

"Mupaka njo pale mayi inaachana, bwana yangu."

Mtoto alielewa hapohapo. Mimi nilikuwa bado 1894.

Sasa kijana, bwana yake huyo, alikuwa misa ya pili, kwenye kwaya, mstari wa mbele, na hakuna aliyethubutu kwenda kumvuta shati katikati ya Gloria. Mezani alikuwa ameacha kikaratasi: "S 12 44.6, E 28 33.5. Kidokezo: pale maji yanapoachana."

Nikaingiza 12.446 na 28.335. Simu ikanielekeza kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 40, upande wa Mokambo. Nilishangaa mtoto alifikaje huko kwa miguu kabla ya chai. Lakini Mokambo ni mpakani, na kidokezo kilisema mpaka. Nikaita pikipiki, nikaanza kupatana bei. Juu ya mbabula maji ya bukari yalikuwa yakichemka kwa mara ya pili, na wageni wa kwanza walishabisha hodi.

"Muulize papa wa batoto anaenda kutafuta nini ku Mokambo."

Nikamsomea mke wangu kidokezo, kwa sauti ya kusikika hatua tatu. Mama hakutuma jibu. Alichukua ufito wa kuangulia maembe, akazunguka nyuma ya jiko, akachokoa nyasi pale kileleni mwa paa. Kopo likaanguka kati ya kuku.

Shemeji yangu, fundi wa kupima viwanja, alinifafanulia baadaye, kinywa kimejaa sombe. Ile 44.6 haikuwa desimali za digrii, ilikuwa dakika, na digrii moja ina dakika 60. Namba za mtoto zilikuwa sahihi. Zilionyesha hapahapa uani.

Ndani ya kopo mlikuwa na ufunguo, kalamu na karatasi. Mama aliandika jina lake juu kabisa, taratibu, kama mtu anayesaini hati ya kiwanja. Kisha akampa mke wangu karatasi.

"Muambie papa wa batoto aandike naye. Na kama anachukua funguo, aache kitu."

Nikaandika jina, nikaacha noti ya franka elfu kumi. Kopo likarudi juu ya kabati, na bukari ikaliwa saa tisa.

Kijana aliporudi alikimbilia kopo kabla ya sahani. Noti haikuwapo. Mahali pake palikuwa na mbegu tatu za boga.

"Nkambo anajua kanuni," akasema.