Jinsi ya Kuchemsha Dizeli kwa Feni ya Umeme

Una Hilux ya zamani, injini ya 3L, na siku hizi mshale wa joto umeanza kutembea. Hongera. Umefika ule umri ambao mwanamume hutafuta kitu cha kubadilisha, na mke hayumo kwenye orodha kwa sababu kadi ya gari ina jina lake. Basi tubadilishe feni. Tutang'oa ile inayozungushwa na mkanda tufunge ya umeme. Mwongozo huu nimeupitia mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa gari langu na kwa pesa zangu, kwa hiyo nifuate bila wasiwasi.

Hatua ya 1: Usichunguze chochote

Hili ni la msingi. Ukichunguza tu, safari yetu inaishia hapahapa.

Feni uliyonayo haina waya hata mmoja. Katikati yake kuna klachi, kisahani cha aluminiamu chenye mafuta mazito ya silikoni ndani, na kwa mbele kina springi iliyojikunja kama konokono. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inajipinda, mlango mdogo unafunguka ndani, mafuta yanasambaa, na feni inashika na kuvuma. Hewa ikipoa, inaachia. Haina fyuzi, haina swichi, haina pa kuonyesha wageni. Hapo ndipo inapokosea.

Mafuta yale huisha nguvu au huvuja kidogo kidogo kwa miaka. Mtu asiye na makuu angezima injini ikiwa ya moto, akaisukuma feni kwa kidole. Ikizunguka kwa raha kama pangaboi la msikitini, klachi imekufa. Angenunua vitubu viwili vitatu vya mafuta ya silikoni, akaifungua, akaijaza, na adhuhuri ingemkuta nyumbani anakula. Wewe si mtu huyo. Wewe ukiusikia ule mvumo mlimani husema feni ina kelele, na usipousikia husema gari limetulia.

Wala usiiguse rejeta. Miaka sita umekuwa ukiijaza maji ya kisima yenye chumvi, yaleyale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika la mama watoto. Themostati ilishatolewa na fundi wa kwanza, akaitupa kwenye kopo la boliti na kukwambia “hizi ni za nchi za baridi, bosi.” Usiyafukue hayo. Rejeta iliyoziba haipendezi kwenye simulizi. Feni mpya inapendeza.

Hatua ya 2: Jipatie sayansi

Mtaani utaulizwa. Jibu ni moja: feni ya mkanda inakula nguvu ya injini. Na ni kweli inakula. Ukizidisha mzunguko wa feni mara 2, nguvu inayotakiwa kuizungusha inazidi mara 8. Litamke hilo “mara nane” polepole, kisha kunywa chai.

Usikubali mtu aendeleze hesabu. Kuna vijana wamesoma. Atatokea mmoja aseme feni ya umeme inayokula ampea 25 kwa volti 12 ni wati 300, na nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo unang'oa kitu ambacho kikishika sawasawa kinaweza kutumia farasi kadhaa, unaweka kisichofika hata nusu farasi, halafu unadai upepo uleule. Ataongeza kwamba klachi nzima huachia muda mwingi barabarani, kwa hiyo huo ulaji unaoulalamikia ni wa dakika chache za mlimani, pale pale unapouhitaji. Na kwamba wati zako 300 zinatoka kwenye alteneta, ambayo nayo inazungushwa na mkanda. Kijana wa namna hiyo mlipie chai aondoke.

Ukibanwa kabisa, taja IST ya jirani. Ina feni ya umeme, haijawahi kuchemsha, na hakuna Mtanzania wa kubishana na IST. Usitaje kwamba injini ya IST imelazwa kwa upana, mikanda yake inatazama tairi, hivyo isingewezekana kufungwa feni ya mkanda hata kama Wajapani wangetaka. Wala usitaje kwamba IST haibebi gunia 12 za mpunga.

Hatua ya 3: Nunua kwa macho

Nenda Gerezani, Kariakoo. Yataletwa mafeni mbele yako kama mabinti kwenye sherehe ya zamani. Chagua linalong'aa. Usiulize ampea, usiulize limetoka kwenye gari gani. Muuzaji atasema “hii ya Benzi” na hilo linatosha kwa pande zote mbili.

Litakuja na kava lake la plastiki, lile linalofunika rejeta yote ili upepo uvutwe kila pembe. Kava halitaenea. Mwambie muuzaji abaki nalo, akupunguzie. Feni isiyo na kava huvuta upepo kwenye duara lake tu. Pembe nne za rejeta zinabaki zinatazama. Hiyo ni robo au theluthi ya rejeta uliyoipumzisha bure, na kwa umri wake inastahili.

Hatua ya 4: Funga kwa imani

Mfuate fundi chini ya mwembe. Usimpe mabano ya chuma wala muda wa kuyachomelea. Feni inabanwa kwenye rejeta yenyewe, kwa vile vikamba vya plastiki vyenye meno, vinapenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta na kukazwa kwa koleo. Kila mtikisiko wa barabara ya vumbi utavisugua kwenye vijibomba vya maji. Ni kazi ya miezi minne hivi. Usiiharakishe.

Ile ya zamani inatolewa kwa nati nne. Fundi atauliza aiweke wapi. Mwambie “popote.” Neno hilo litakurudia.

Sasa washeni. Mota ya namna hii ukigeuza waya, nayo inageuka upande wa pili, na kwa macho huwezi kujua. Mtu mwoga angebandika karatasi mbele ya rejeta aone kama inavutwa. Ninyi wekeni mkono nyuma, mkisikia upepo wowote pigeni makofi. Yangu ilifungwa kinyume kwa wiki tatu. Kwenye foleni ilijitahidi, ikichota hewa ya moto ya injini na kuisukumia mbele. Nikishika mwendo, upepo wa barabarani unaingia, wa feni unatoka, wanakutana katikati ya rejeta kama daladala mbili kwenye njia moja, hakuna wa kurudi nyuma.

Hatua ya 5: Umeme ni waya mbili tu

Ndivyo atakavyosema fundi, na ndivyo utakavyopenda kusikia. Chukua waya wa spika. Rilei ni urembo. Pitisha ampea zote kwenye swichi ndogo ya dashibodi, itakupasha vidole asubuhi za Mafinga. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshachanganya, kwa hiyo fyuzi ya kwanza itakatika. Weka kubwa zaidi. Nayo ikikatika, ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara haijawahi kumwangusha mtu. Kuanzia hapo kitakachoungua ni waya, na waya hutoa harufu mapema, tofauti na fyuzi inayokufa kimyakimya bila kuaga.

Nataka tu utue kidogo uone ulichofanikiwa. Injini hii ya dizeli ya kizamani ikishawaka haidai umeme zaidi ya ule mdogo unaoshikilia valvu ya mafuta kwenye pampu. Betri ingeweza kuchoka, taa zikafifia, na bado ukafika. Ni mashine iliyoundwa isimtegemee mtu. Umeifundisha kutegemea fyuzi inayouzwa bei ya pipi.

Hatua ya 6: Swichi

Tufike kwenye sababu ya kweli. Ungeweza kufunga sensa ya joto iwashe feni yenyewe. Lakini ikijiwasha yenyewe, nani atajua unayo? Tunataka swichi, yenye taa nyekundu, upande wa kushoto wa usukani ambapo shemeji akikaa mbele ataiona na kuuliza. Jibu bila kumtazama: “Aa, hiyo ya feni. Nilitoa ile ya mkanda.”

Utaisahau ikiwa imewaka, na asubuhi betri haina kitu. Utaisahau ikiwa imezimwa, na jioni rejeta haina kitu. Kati ya mawili hayo utajifunza kuendesha jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye mshale, na watu watadhani umekuwa dereva makini.

Ili nisionekane mchoyo, niseme faida moja ya haki. Ukiingia kwenye maji mengi, feni ya umeme unaizima. Ile ya mkanda huendelea kupiga maji, huyamwaga injini nzima, na mapanga yake yakipinda huweza kuikwangua rejeta. Faida hiyo ni ya kweli kabisa, na mimi niliisubiri kwa hamu. Mvua kubwa ziliponyesha nilikwenda Jangwani mara mbili, makusudi, kuvuka maji na feni imezimwa. Mara zote mbili barabara ilikuwa imefungwa.

Hatua ya 7: Jaribu tambarare

Asubuhi na mapema, gari tupu, toka Mwenge mpaka Bagamoyo. Mwendo wa 80, upepo wa mbele peke yake unaipoza rejeta. Hata usingekuwa na feni yoyote mshale usingetikisika. Rudi utangaze ushindi. Tuma picha.

Hatua ya 8: Nenda Iringa

Subiri Desemba. Pakia mama mkwe, shemeji, mbuzi, na seti ya makochi. Mpaka Mikumi utakuwa unaimba. Ruaha Mbuyuni simama ununue vitunguu, ndoo nne, kwa kuwa ni bei nzuri. Joto la bonde lile chini ya mibuyu litakuwa limeshaanza kazi kabla yako.

Halafu mlima Kitonga. Hapa ndipo elimu yote ya Hatua ya 2 inakuja kudai chake. Mbele yako lori la mafuta linaloelekea Tunduma, linapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Wewe gia ya pili, mguu umekandamiza, injini inatoa joto lake lote, na upepo wa mbele hakuna. Ni saa hii moja tu ndiyo iliyomfanya mhandisi akaweka ile feni kubwa isiyopendeza. Washa swichi. Taa nyekundu itawaka vizuri sana.

Mshale utapanda. Zungumza na mama mkwe habari za shamba. Utapanda tena. Zima AC, fungua vioo, washa hita ya miguuni uyapunguzie maji joto. Shemeji atakunusa bila kusema neno. Kisha, ghafla, mshale utashuka. Furahi! Huo ni wakati mtamu kuliko yote kwenye mwongozo huu. Mshale umeshuka kwa sababu sensa yake husoma maji, na maji hayapo tena.

Ukishasimama, utani naweka kando kwa sentensi mbili. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kama watoto wa barabarani wanakuhimiza. Maji yale yako chini ya shinikizo na yamepita nyuzi 100, yatakuvua ngozi ya uso.

Haya, turudi. Injini ikiwa bado inafoka, mimina maji ya baridi kwa wingi ili hedi ipasuke palepale. Kupasuka baadaye, mjini, kunachosha. Na wakati unasubiri gari la kukuvuta, itapita Hilux kuukuu kuliko yako, imejaa nyanya mpaka mlango wa nyuma haufungi, feni yake ya mkanda inavuma kama mashine ya kusaga. Dereva atapunguza mwendo. Atauliza, “Mzee, vipi, imechemsha?”

Hatua ya 9: Uza

Rudisha gari Dar. Hedi inakwanguliwa, gasketi mpya. Feni yako ya zamani ulishaambiwa: “popote” ilikuwa Gerezani, na wanaiuza bei usiyoiamini, kwa hiyo iache. Paka injini dizeli ing'ae. Andika tangazo: *imefungwa feni ya umeme ya kisasa, AC baridi, ingia uende.*

Mteja asiwe mtu wa Iringa, Njombe wala Mbeya. Tafuta wa Kigamboni, au mtu wa Mafia kabisa. Mjaribishe asubuhi, tambarare, mkiwa wawili tu. Akifungua boneti atatazama kidogo, atanyoosha kidole kwenye pampu ya maji, pale zilipobaki studi nne zimechomoza mbele, na atauliza hapo palikuwa na nini.

Mwambie limetoka Japani hivyohivyo.