Sifa za Modemu Isiyoonekana

Modemu ya USB inayokataa kutambuliwa na Linux imesingiziwa mengi. Huitwa mbovu, huitwa feki, kisha hutupwa kwenye droo pamoja na chaja zilizokatika nyaya na betri za simu zilizovimba. Haki yake haijatendeka. Modemu inayotambuliwa mara tu inapochomekwa humpa mwenyewe intaneti basi, naye hubaki mjinga kama alivyokuwa. Inayokataa humsomesha bila ada wala sare, na haimwachii mpaka afaulu.

Sifa yake ya kwanza ni haya. Modemu nyingi zilizouzwa na kampuni za simu nchini Tanzania, kama Huawei E173 na ZTE MF190, zina sura mbili. Ikichomekwa, modemu hujitambulisha kwanza kuwa kisomaji cha CD chenye programu za Windows ndani yake. Windows huisoma CD hiyo, huweka draiva, kisha hukipa kifaa ishara kigeuke kuwa modemu. Linux, ambayo huamini inachoambiwa, huikabidhi kwa draiva ya usb-storage. Faili la /dev/sr0 huzaliwa, na dirisha hufunguka likiwa na mafaili ya .exe yasiyomfaa mtu. Taa inawaka, kompyuta inafanya kazi, laini ina bando, na mtandao haupo. Ni wachache wanaoweza kukaa mbele ya watu namna hiyo bila kujionyesha.

Sifa ya pili ni kufundisha kusoma. Mtu aliyezoea kubofya picha hulazimika kufungua terminali na kuandika lsusb, na hapo hukuta mstari wenye namba kama 12d1:1446. Nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji: 12d1 ni Huawei, 19d2 ni ZTE. Nusu ya pili hueleza kifaa kiko katika sura gani. Ikibaki 1446, bado ni CD. Ikigeuka kuwa 1001 au 1436, modemu imekubali kazi. Amri ya dmesg nayo husimulia yaliyotokea tangu kuchomekwa: kifaa kimeonekana, draiva gani imekichukua, na kama draiva iitwayo option imefungua milango ya ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2. Kama milango hiyo haipo, hakuna programu ya kupiga simu itakayosaidia, hata ikisetiwa upya mara ngapi.

Sifa ya tatu ni kukuza subira, na hapa Kigwa panahusika. Kata hiyo ya Wilaya ya Uyui, upande wa mashariki wa mji wa Tabora, ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Aliyefika Kigwa alikuwa amekwisha kulipa hongo Ugogo, kwa mtemi mmoja baada ya mwingine, nguo na shanga, kabla ya kuruhusiwa kusonga mbele. Modemu hudai hongo yake vivyo hivyo, kituo kwa kituo. Kituo cha kwanza ni programu ya usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze, ambayo hutuma ule ujumbe wa kugeuza CD kuwa modemu. Katika Ubuntu na Debian huja kwa vifurushi viwili, usb-modeswitch na usb-modeswitch-data. Vifurushi hivyo viko kwenye intaneti. Intaneti iko ndani ya modemu. Modemu inasubiri vifurushi.

Mwenye kibanda cha kutoa kopi Kigwa anayekutana na fumbo hili hupata sababu njema ya kusafiri. Huchukua fleshi, hupanda gari hadi Tabora mjini, huomba kupakuliwa vifurushi vyote viwili pamoja na vile vinavyotegemewa navyo, hunywa chai, husalimia jamaa, kisha hurudi. Akisahau kifurushi kimoja, husalimia jamaa tena wiki inayofuata. Modemu inayofanya kazi isingeleta udugu wa namna hiyo. Kweli, kwa baadhi ya modemu, hasa za ZTE, amri ya eject /dev/sr0 peke yake hutosha kuiondoa CD na kuiita modemu. Lakini siri hiyo kwa kawaida hujulikana baada ya nauli kulipwa.

Sifa ya nne ni kutunza lugha ya kale. Modemu iliyokwisha kugeuka bado huongea kwa amri za AT, zilizoanza na Smartmodem ya Hayes mwaka 1981. Mwenyewe hufungua programu ya minicom kwenye ttyUSB0 na kuuliza. AT peke yake hujibiwa OK. AT+CPIN? hueleza hali ya laini: READY maana yake iko tayari, SIM PIN maana yake inadai namba ya siri. AT+CSQ hutoa nguvu ya mawimbi kutoka 0 hadi 31. 99 ni jibu la modemu isiyojua lolote na isiyoona aibu kusema hivyo. AT+CREG? ikijibu 0,1 laini imesajiliwa kwenye mtandao wake, 0,2 bado inatafuta, 0,3 imekataliwa. Jibu hili la mwisho lina historia yake nchini: kuanzia Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na laini iliyosahaulika ndani ya modemu ilikuwa ya kwanza kusahauliwa pia kwenye foleni ya usajili.

Sifa ya tano ni kuheshimu mamlaka. Mlango wa ttyUSB0 hauguswi na kila mtu. Katika Debian na jamaa zake, mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout. Na ModemManager, ambayo huduma ya NetworkManager huitegemea, huweza kuushika mlango huohuo wakati minicom inauhitaji, hivyo amri zikajibiwa nusunusu. Kuisimamisha kwa muda, kuuliza maswali, kisha kuiwasha tena ni somo zuri la zamu. Ikiwaka, mmcli -L huorodhesha modemu inazozijua, na kilichobaki ni APN ya kampuni husika.

Mafundi wa mjini wana njia ya mkato. Kama wanavyojua kuchakachua modemu ili ikubali laini ya kampuni yoyote, baadhi hutumia amri AT^U2DIAG=0, ambayo kwenye modemu kadhaa za Huawei hufuta sura ya CD moja kwa moja. Modemu huonekana mara moja, kila siku, kwenye kila kompyuta. Kwa mizani ya sifa zilizotajwa hapa, huo ni uharibifu.

Aibu kubwa zaidi ni simu ya mkononi. Ikiunganishwa kwa waya na kuruhusiwa kugawa mtandao, Linux huipokea kama kadi ya mtandao, hupewa anwani, na kurasa hufunguka. Haimpeleki mtu Tabora, haimfundishi namba ya mtengenezaji yeyote.

Yapo makosa ambayo hata modemu isiyoonekana haina haki ya kusifiwa kwayo. Kama lsusb haionyeshi chochote, au dmesg inarudia error -71, tatizo liko kwenye waya, tundu au umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na modemu inayotafuta mnara wa mbali huweza kutaka zaidi ya hapo. Dawa ni kuondoa waya wa kurefushia, kuichomeka kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, au kutumia habu yenye umeme wake. Ikikataa kila tundu na kila kompyuta, imekufa, na hapo pa kwenda ni dukani.