Kamati ya Bampa

Huku Buruburu, ukiona mtu anajua magari sana, jua hana gari. Mwenye gari hana nafasi ya kujua. Yuko chini yake na spana, oili ikimdondokea usoni.

Mimi nilirithi Peugeot 504 ya baba mkubwa. Kila Jumamosi nikifungua boneti, kamati inaketi. Mwenyekiti ni jirani, mstaafu wa reli, ambaye hajawahi kuniuliza gari lina shida gani. Yeye husoma bodi tu. "404 ina mapezi nyuma," huwafunza vijana wa boda. "504 buti limebonyea, kana kwamba lilikaliwa na gunia la viazi." Hapo anaingia Safari Rally: 404 ilishinda 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, 504 ikachukua 1975 na 1978. Mimi wakati huo nimeziba kwa kidole bomba la rejeta linalovuja, na hakuna hata wa kunishikia tochi.

Vijana nao wana masomo yao. Probox bampa ni plastiki nyeusi, Succeed bampa imepakwa rangi ya gari. Premio na Allion ni mtu na ndugu yake, mpaka utazame grili. Wanabishana hadi chai inapoa. Chai yenyewe ni yangu.

Kule Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, ambako majaji hukagua magari yaliyong'arishwa na kutoa alama. Huku kwetu anayekagua kwa makini zaidi huja saa tisa usiku. Alinibebea taa zote mbili za mbele, zile zenye pembe, pamoja na simba wa kwenye grili. Vioo vya pembeni aliviacha kwa sababu nilikuwa nimevichonga namba ya gari. Nani angejua nichonge na simba?

Taa za 504 zimekuwa adimu, na bei yake usiniulize. Fundi wangu wa jua kali akakata bati, akapachika taa nne za duara, mbili kila upande. Zinawaka. Mimi nilitaka ziwake, basi.

Jumamosi iliyofuata mzee alisimama mbele ya gari, akavua kofia. "Kumbe hii ni ya Marekani!" Akaeleza kwamba 504 zilizopelekwa huko zilifungwa taa nne za duara kwa sababu sheria yao ilikataa zile za Ufaransa. Wamarekani, akasema, mapambo ndiyo cheti cha kuzaliwa: Chevrolet ya 1957 utaijua kwa mapezi, ya 1955 kwa grili. Kinachoniudhi ni kwamba hayo yote ni kweli. Nikamwambia taa hizi zilifungwa Jumanne, hapa hapa, na fundi anaitwa kwa mluzi. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, baba yako mkubwa hakukwambia kila kitu."

Mtaa mzima sasa unajua. Wiki jana nilienda Grogan kutafuta pampu ya maji. Muuzaji akauliza, "Ya Ufaransa ama ya Marekani? Ya Marekani ni mara mbili." Nikasema ya Ufaransa. Akachungulia nje, akaziona zile taa, akacheka.

"Mzee, usinichezee."