Gari la Bibiye

Mwaka 1955, mabwana wa Dodge kule Marekani waligundua kwamba wanawake nao wana miguu ya kukanyagia mafuta. Wakakuna vichwa, wakaibuka na La Femme: gari la waridi na jeupe, limefungashiwa mkoba, kibweta cha lipstiki, kitana, kasha la sigara, koti la mvua na mwavuli wa kushabihiana na viti. Kasoro somo na kungwi tu. Na injini? Ileile ya mabwana. Mwaka uliofuata wakabadilisha rangi, likawa la zambarau. Akina mama wakalitazama, wakapita zao. Kufikia 1957 halikuwepo tena.

Ungedhani wameelewa. Thubutu! Mwaka 2012 Honda ikawashushia Wajapani Fit She's: waridi (tena, jamani), kioo cha mbele cha kukinga miale inayoleta makunyanzi, na kiyoyozi kilichonadiwa kuwa kinatunza ngozi. Breki hazikutajwa sana; nadhani hazina manukato.

Mimi nangoja toleo la akina baba: kiti cha kupunguza kitambi, kiyoyozi cha kuotesha nywele kwenye upara, na honi inayokubali kuuliza njia.